Larbi wa Kinu cha Unga

Landhi za Kinu, Nakuru
3 Oktoba 1954

Kwa dada yangu Nyakio,

Pokea salamu za nyumba nzima, za mke wangu Wangeci na za watoto, ambao kila siku wananiuliza shangazi atakuja lini, kama kwamba kibali cha kutoka Mau Narok huchumwa mtini. Sisi ni wazima. Na wewe je? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kusingizia moshi wa jikoni kwa Madamu?

Mimi ni mzima kutoka kichwani mpaka mapajani. Chini ya hapo ndipo penye maneno. Goti la kulia limevimba tena. Jumamosi tuliwafunga watu wa reli, bao likawa langu, na uwanja mzima ukaimba "Larbi! Larbi!" mpaka nikasahau kuchechemea. Hayo ni matunda yako. Usingenitumia ile picha ya gazeti ya yule mchezaji wa Moroko, nani Nakuru angelijua jina lake? Sasa hata refa ananiita Larbi. Lakini Jumapili kanisani sikuweza kupiga magoti. Nilibaki nimekaa kwenye benchi kama bwana mkubwa, na mzee wa kanisa akanikazia macho.

Dada, naogopa, na hapa sina wa kumwambia. Kitabu changu cha kazi kinasema mimi ni mbeba magunia wa kinu, lakini wewe unajua kazi niliyoandikiwa ni mpira. Siku Bwana wa kinu akijua goti limekwisha, kitabu kinafungwa, na Mkikuyu asiye na kazi Nakuru siku hizi za hali ya hatari hapewi hata nafasi ya kufunga mzigo. Watatupeleka rizavu ya Wakikuyu, Murang'a, kwa watu wasiotujua. Mimi na wewe tulizaliwa huko huko Mau Narok katikati ya ng'ombe wa Bwana wako. Murang'a sijui hata njia ya kwenda mtoni.

Upo mlango mmoja. Hiram, karani wa stoo, anaacha kazi mwisho wa mwaka. Ananiambia nimwendee Bwana mwenyewe mapema, niseme ukweli wa goti, niombe stoo. Huenda nikapewa. Huenda pia nikafukuzwa siku hiyo hiyo, maana fainali ya kombe ni Desemba, Bwana hana fowadi mwingine, na hasira zake nazijua. Unasemaje?

Ndugu yako mdogo,
Gachanja


Mau Narok
17 Oktoba 1954

Gachanja mdogo wangu,

Barua yako imenifikia mkononi mwa Kiplangat, pamoja na vumbi lote la lori lake la viazi. Mungu ambariki kwa kutubebea, maana barua ya posta husomwa na watu wa serikali kwanza. Mimi sijambo. Kifua kimetulia, na moshi sikuusingizia, njoo uuvute wewe. Wasalimie watoto na umwambie Wangeci asinyanyue vitu vizito kwa hali yake hiyo.

Sasa sikiliza, na usinicheke. Nenda kwa Bwana. Nenda wiki hii. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wewe ukuta wa kujenga huna hata tofali. Kama ni kuogopa, ogopa ukiwa njiani, lakini fika. Karani wa stoo hukaa kwenye kiti, na goti hupenda kiti.

Najua utaniambia habari za Larbi. Nilikosea kukutumia ile picha, ilikuvimbisha kichwa kabla goti halijavimba. Lakini kwa kuwa utauliza, yeye bado anacheza huko Marseille, alikorudi baada ya kuichezea Madrid miaka mingi. Dada yake Madamu aliyeko Ufaransa huwafungia vyombo na sabuni kwa magazeti ya huko, nami nikifungua kifurushi hukunjua karatasi moja moja na kumpelekea Horo, yule fundi wa trekta kutoka Shelisheli, anisomee Kifaransa wakati wa chakula. Gazeti moja linasema Larbi ana miaka thelathini na saba, jingine linasema arobaini. Wewe una thelathini na sita na hakuna gazeti linalokuuliza. Nenda kwa Bwana.

Dada yako,
Nyakio


Nakuru
14 Novemba 1954

Dada yangu,

Salamu baada ya kimya. Tu wazima, ila mtoto wetu mdogo ana mafua. Natumaini baridi ya huko juu haijakugandisha.

Usinikaripie. Nilikwenda kwa Bwana mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na wageni. Mara ya pili alikuwa peke yake, akanishika bega na kusema, "Gachanja, mwaka huu kombe letu," akanipa soda. Mtu akishakupa soda utaanzaje kumwambia habari za goti? Nusu fainali tulishinda, nikafunga kwa mguu wa kushoto, kwa sababu wa kulia haukutaka. Usiku Wangeci alinikanda kwa maji ya chumvi akilia. Hiram ananiambia kuna Mluya mmoja anainyemelea stoo.

Nikuulize jambo. Juzi mtu mmoja hapa kwenye nyumba za landhi alinidhihaki kwamba huyo Larbi ni Mwarabu anayewachezea Wafaransa waliotwaa nchi yake, na mfalme wao wamemfukuza mpaka kisiwani. Ni kweli? Kwa nini anawachezea? Nilikasirika kuliko ilivyostahili.

Ndugu yako,
Gachanja


Mau Narok
2 Desemba 1954

Gachanja,

Huku hatujambo, mvua inatunyeshea kila alasiri na Madamu anailaumu kama mimi ndiye niliyeileta. Pole kwa mafua ya mtoto. Mchemshieni majani ya mkaratusi.

Nimemuuliza Horo swali lako. Anasema ni kweli, mfalme wao walimtia kwenye ndege mwaka jana, na sasa wanamweka Madagaska. Kwa nini Larbi anawachezea? Mimi nakuuliza wewe, mbona unakichezea kinu? Ukipata jibu lako, la Larbi liko hapo hapo. Mtu hucheza pale alipofunguliwa lango.

Lakini ngoja nikupe habari! Kifurushi kimekuja Jumatatu, nami nusura nivunje sahani za Madamu kwa furaha. Kulikuwa na tetemeko la ardhi kule Algeria, watu wengi wamekufa. Basi Paris ukachezwa mpira wa kuwachangia, timu ya Ufaransa yenyewe dhidi ya watu wa Moroko, Algeria na Tunisia. Na hao wa kwetu Afrika wakashinda tatu kwa mbili, Larbi akiwa ndani! Wafaransa wakaona aibu. Siku chache baadaye wakamwita tena katika timu yao ya taifa, ambayo hawakumwita tangu mwaka wa arobaini na nane. Wamempeleka Ujerumani kucheza na Wajerumani hao walioshinda Kombe la Dunia. Karatasi inaishia hapo, nusu ya pili ilifungia kitu kingine. Horo aliisoma mara tatu. Nilitamani nami nivue viatu nikimbie shambani.

Wewe lakini usikimbie. Je, umemwambia Bwana?

Dada yako,
Nyakio


Nakuru
12 Desemba 1954

Dada mpendwa,

Salamu tele. Naandika mbio, Kiplangat anapiga honi nje.

Barua yako nimewasomea watu wa landhi wote. Wamenibeba juu! Mtu wa arobaini ameitwa kupigana na mabingwa wa dunia, nami wa thelathini na sita nikimbilie kiti cha stoo? Nimekwenda kwa Bwana. Aliniuliza waziwazi, "Goti lako likoje? Nasikia maneno." Nikamjibu halina neno. Stoo amepewa yule Mluya, nami sikusikitika. Larbi ameitwa, nami nimeitwa.

Fainali ni Boksing Dei, siku inayofuata Krismasi. Niombee.

Ndugu yako,
Gachanja


Kijiji kipya, Murang'a
6 Machi 1955

Kwa dada yangu,

Salamu kwa jina la Bwana wetu. Na wewe ndugu unayefungua barua hii kabla haijamfikia mwenyewe, salamu pia. Humu hamna siri, ni habari za mpira na mguu.

Tuko hai. Najua umetuma barua Nakuru, na Kiplangat amekuta watu wengine ndani ya nyumba yetu. Nisamehe kimya. Sikuwa na karatasi, na nilipoipata sikuwa na uso wa kukuandikia.

Fainali sikufika hata mapumziko. Niligeuka na mpira, goti likabaki lilikokuwa linatazama. Unajua sheria, ukitoka hakuna wa kuingia badala yako. Wenzangu walicheza kumi, wakafungwa mawili. Nilikuwa nimelala kando ya uwanja na kusikia watu wakinyamaza, na kelele zao zote za miaka ile hazikunifikia moyoni kama kimya kile. Bwana alikuja, akasema neno moja tu, kwamba nilimdanganya. Nami kweli nilimdanganya. Kabla ya mwaka mpya kitabu changu kilikuwa kimefungwa. Tulilala kambini pale Nakuru nyuma ya seng'enge, kisha tukaletwa hapa, mahali panapoitwa kwetu.

Hapa nyumba zimebanana na pembeni kunachimbwa mtaro mkubwa kuzunguka kijiji. Kila nyumba lazima itoe mtu mmoja, kila asubuhi. Wangeci yuko karibu kujifungua, kwa hiyo mtu huyo ni mimi. Nachimba nimepiga goti moja, na askari hapendi mtu anayechimba amepiga goti. Sitaki kukueleza zaidi. Mguu huu sasa hata usiku hauninyamazii, na wakisema nyumba yetu haina mtu sijui watatufanya nini.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Larbi aliweza. Ana miaka mingi kuliko mimi, akasimama mbele ya Wajerumani, nami nikashindwa na watoto wa Nakuru. Hukuniandikia tena ilikuwaje. Alifunga? Niambie hata kama itaniumiza.

Ndugu yako,
Gachanja


Mau Narok
27 Machi 1955

Gachanja, mtoto wa mama yangu,

Salamu zako nimezipokea nimesimama, maana miguu ilikataa kukaa. Nimelia mpaka Madamu akaja jikoni kuuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, wote wako hai, ndiyo maana nalia.

Nikujibu ulichouliza. Kifurushi kingine kilikuja mwisho wa Januari, na ndani yake mlikuwa na gazeti la mechi ile ya Ujerumani. Horo alinisomea, akalikunja, akanirudishia. Nimelificha tangu siku hiyo. Nilisema moyoni, Gachanja asijue, aendelee kumwona Larbi wake amesimama. Nilikosea, maana sikujua unajipiga kwa fimbo hiyo. Ndugu yangu, Larbi alitoka. Aliumia mapema, kabla ya mapumziko, akaondoka akichechemea, na Wafaransa wakashinda tatu kwa moja bila yeye. Hakuwashinda Wajerumani. Hakuna mtu aliyekushinda wewe kwa kusimama. Kama ningeipata karatasi hiyo miezi miwili mapema ungekuwa kwenye kiti cha stoo, na hilo nitalibeba mimi, usinipokonye.

Sasa la pili. Miaka miwili nimeomba kibali cha siku moja tu nije Nakuru niwaone watoto wako. Walisema Mkikuyu haruhusiwi kuzurura. Juzi nilikwenda kwa karani wa DO, yule afisa wa wilaya, nikamwambia nataka kupelekwa rizavu, Murang'a, kwa hiari yangu. Aliniangalia kama niliyepandwa na wazimu, watu wanalia wasipelekwe. Kisha akagonga muhuri kabla sijamaliza kusema. Ajabu hii, kila lango limefungwa isipokuwa hilo moja, na kwenye hilo hawakuulizi hata unabeba nini.

Madamu amenisihi nibaki. Nimempasia nguo zake zote na kuzipanga, tumeagana vizuri. Horo amenifungia mkate. Nitapita kambi ya Nakuru Jumanne, na wakinisukuma haraka nitakuwa kwako kabla ya Pasaka.

Mwambie askari wa mtaro kwamba nyumba ya Gachanja ina mtu. Ni mwanamke, ana mikono ya kufua na kukamua, na jembe amelishika tangu utotoni. Wewe kaa chini, unyooshe mguu.

Dada yako,
Nyakio