Ndege Iliyofungwa Mezani

Jumatatu, 18 Juni 2012

Siku ya kumi na tisa tangu chuo kinisimamishe. Baridi ya Tunduma inapenya soksi mbili.

Mjomba Ashraf amevuka mpaka asubuhi na lori lake, baada ya siku mbili kwenye foleni ya Nakonde. Akaniwekea boksi mezani, hapa kwenye ofisi ya yadi ya malori ya Baba. Shika, mwanasiasa, akasema, ugomvi wako na wakubwa uhamishie angani.

Joistiki! Na throto yake! Mtumba wa Lusaka, umekwanguka ubavu mmoja, lakini mzima. Miaka miwili nimerusha ndege za kivita kwenye kompyuta kwa kubonyeza kibodi, kama karani anayechapa barua. Sasa mkono wa kulia una fimbo ya kugeuzia ndege, wa kushoto una mtambo wa kuongezea nguvu za injini. Nimekuwa na mikono.

Barua ya chuo ingali chini ya kibodi. Inanitaka nikiri, kabla ya tarehe 13 Julai, kwamba niliwadanganya wenzangu kuwa mabomba ya mabweni yalikuwa makavu. Yalikuwa makavu. Siku kumi na moja. Nikisaini, narudi mwaka wa tatu wa uhandisi. Nisiposaini, uhandisi wangu unaishia kwenye yadi hii. Nchi hii imetulea kuomba radhi kabla hatujakosa.

Leo sitaki kuiwaza. Nina boksi.

Jumatano, 20 Juni 2012

Kutwa nzima kwa raha.

Throto ilikuja kinyume: nikisukuma mbele, injini inanyamaza, nikivuta nyuma, inanguruma. Utawala wa chuo mtupu. Lakini huku kuna kisanduku kidogo kwenye skrini, unakitia alama, mambo yanageuka. Laiti.

Joistiki nayo ilikuwa inatetemeka. Ndege ikilala kushoto yenyewe, kama lori lililokatika springi. Nimefungua kitako, nimesafisha ndani kwa pamba na spiriti, kisha nikaiamuru kompyuta ipuuze mtikisiko wowote mdogo fimbo ikiwa katikati. Imetulia.

Somo la leo: usibadilishe tundu la waya. Nilichomeka throto upande mwingine, kompyuta ikadhani ni mgeni, ikasahau vitufe vyote. Saa nzima ya kazi imepotea hewani. Nimeandika kwa wino mwekundu juu ya matundu: HUYU HAPA, YULE PALE.

Vikombe vya mpira vilivyo chini ya joistiki, vya kunatia mezani, havishiki juu ya mbao. Nimetoboa meza. Matundu manane, bolti nane. Baba yuko Mbeya.

Ijumaa, 22 Juni 2012

Baba ameona matundu.

Akauliza mikataba ya wateja itasainiwa juu ya nini. Nikamjibu kwamba meza isiyotumika kwa fikra ni ubao tu. Akasema: hayo ndiyo maneno yaliyokurudisha nyumbani, Sabra. Kisha akaketi, akasema anajaribu kidogo tu. Ameangusha ndege tano. Akaondoka akilalamika kwamba usukani wa lori una heshima zaidi.

Jumapili, 24 Juni 2012

Nimefanya jambo, na nadhani ni jema.

Nje ya geti letu Felista anauza chai na chapati. Kibanda chake kina maandishi ya rangi ya bluu: BINTI RUBANI. Baba yake, Mzee Lusubilo wa Hasamba, kule Mbozi, alikuwa kwenye kikosi cha anga wakati wa vita vya Kagera. Huko Hasamba hakuna anayemwita Lusubilo; wote, hata mchungaji, humwita Rubani. Mjukuu mmoja amebatizwa jina hilo. Sasa mzee yuko hapa kwa Felista, anatibiwa goti.

Rubani wa vita halisi, hatua ishirini kutoka kwenye throto yangu, na nchi imemsahau kwenye benchi la chai! Nimechukua boksi la mjomba, nimelikunjua, nimeandika: SABASABA, SAA NNE ASUBUHI, HAPA YADINI — MZEE LUSUBILO ANARUKA TENA. WOTE KARIBUNI. Nimelibandika getini.

Felista alilisoma mara mbili. Akanikumbatia na unga wake wote.

Alhamisi, 28 Juni 2012

Bango limefika mbali kuliko hotuba zangu zote za chuoni. Madereva wanaosubiri forodha wanaliulizia. Mmoja wa Nakonde amenisalimia kwa Kibemba, Mulishani kapteni. Felista anasema ukoo mzima unashuka kutoka Hasamba, pamoja na Mama Restuta, dada mkubwa wa mzee, ambaye hajawahi kukanyaga Tunduma kwa sababu anaiona ni kelele.

Mzee mwenyewe amekuja leo. Mrefu, fimbo mkononi, kofia ya sufu. Nilidhani atashika joistiki. Hakuigusa. Aliinama kwa shida akazitazama bolti zangu kwa chini, moja moja. Akauliza nani amezifunga. Nikasema mimi. Akasema, si vibaya. Akaondoka.

Jumapili, 1 Julai 2012

Sijui niandikeje.

Felista alikuwa kanisani. Mzee akaja peke yake, akafunga mlango. Akasema: mwanangu, mimi sijawahi kurusha ndege.

Alikuwa fundi wa ardhini. Miaka minane. Alikagua ndege, alimfunga rubani mikanda, alimgonga bega mara mbili, aliondoa ngazi. Ndege iliruka, yeye akabaki akitazama juu. Aliporudi Hasamba mwaka wa themanini amevaa ovaroli ya bluu, watoto walimkimbilia wakipiga kelele: Rubani! Rubani!

Nikamwuliza kwa nini hakuwasahihisha.

Niliitwa, nikaitika, akasema. Kesho yake nikaitika tena. Baada ya mwaka, ungeanzia wapi?

Mkewe amekufa akijua ameolewa na rubani. Felista ameliandika jina kibandani. Na mimi nimebandika bango.

Nilisimama, nikaanza kumweleza kuhusu ukweli na wajibu wa mtu kwa jamii yake. Nilikuwa nasema vizuri, naapa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaionyesha bahasha ya chuo inayochungulia chini ya kibodi, akauliza kwa upole: na hii barua yako, umeshawajibu?

Nikaketi.

Jumanne, 3 Julai 2012

Nimependekeza nimfundishe. Siku nne zatosha. Amekubali, nusu kwa kunihurumia.

Mkono wake unatetemeka kuliko joistiki ilivyotetemeka mwanzoni. Nimeongeza ile sehemu ya katikati inayopuuzwa, nikaongeza tena, mpaka fimbo imekuwa nzito kusikia kama karani wa benki. Bado. Akivuta, anavuta mno. Ndege inanyanyua pua, inakosa pumzi, inaanguka. Mara tisa leo. Kila mara anasema "pole" — anaiambia ndege.

Lakini ungeiona furaha yake kabla ya kila mruko! Anazisoma saa za kwenye skrini kama mtu anayesalimia watu wa kwao. Mafuta. Joto. Shinikizo. Aliniambia sauti ya injini ya mchezo huu ni ya uongo, ile ya kweli ilikuwa na kikohozi kidogo ikianza.

Ninayo njia nyingine. Kuna mpangilio ambao kompyuta yenyewe inarusha, mtu anashika fimbo kama pambo. Hakuna atakayejua. Nimemwambia.

Akaiachia fimbo. Wewe ndiye uliyeniambia habari za wajibu juzi, akasema.

Alhamisi, 5 Julai 2012

Mvua hakuna, umeme hakuna. Umeme wetu unatoka Zambia. Wakizima wao, tunalala sisi. Kwa hiyo tumekunywa chai, na mzee amesimulia.

Kila ndege ilikuwa na daftari lake. Fundi akimaliza kukagua, anatia saini. Pasipo saini ya fundi rubani haruki, awe na nyota ngapi begani. Asubuhi moja mzee aligusa kiungo kimoja chini ya bawa, kikamwambia kitu. Hakuona ufa. Vidole tu. Akakataa kusaini. Mkubwa mmoja akamfokea mbele ya wote, akamwita mwoga wa Mbozi. Hakusaini. Walimfungia siku mbili. Walipokifungua kiungo, kilikatikia mkononi mwa fundi mwingine.

Waliomba radhi? nikauliza.

Walinirudishia spana zangu, akasema.

Nikamwambia, Mzee, hili ni kubwa kuliko kuruka. Watu wa Hasamba wangelijua hili! Akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue. Mtoto hawezi kubatizwa Fundi Aliyekataa, akasema.

Nimetaka kulibandua bango. Felista amelipamba kwa maua.

Ijumaa, 6 Julai 2012

Nimefungua throto kuisafisha, nimeirudisha. Nimeacha mipangilio miwili tayari: wa kweli, na ule wa pambo. Kitufe kimoja kinabadili. Mzee achague mwenyewe. Sitamhutubia.

Mjomba Ashraf ameuliza mbona nimenyamaza hivi, kama naumwa.

Jumamosi, 7 Julai 2012

Naandika nikiwa kwenye kiti cha rubani. Umeme umekatika dakika kumi zilizopita. Nina daftari hili tu mkononi na watu kama arobaini nyuma yangu.

Niandike upesi.

Walifika saa tatu na nusu, Hasamba nzima nyuma ya fuso ya kahawa, na viti vyao. Mama Restuta alikaa mbele kabisa. Madereva dirishani. Baba amevaa kanzu mpya. Felista alimleta mzee kwa mkono hadi kwenye kiti. Watu wakapiga makofi.

Mzee hakuketi.

Alitoa miwani. Alitoa mfukoni daftari la shule lenye mistari, na kalamu. Akaanza kuizunguka meza. Aligusa waya, akaufuata hadi kwenye tundu. Alitikisa joistiki, kulia, kushoto, mbele, nyuma. Kila kitu anakiandika. Kisha akapiga magoti, lile bovu kwanza, akaingia chini ya meza, na sauti yake ikatoka huko: nati moja ya throto imelegea.

Ni mimi. Jana niliirudisha kwa mkono, nikasahau kuikaza.

Spana namba kumi, akasema. Mjomba Ashraf akakimbia kama utingo.

Felista akainama: Baba, si uruke tu, watu wanangoja.

Mimi siruki, mwanangu, akasema kutoka chini. Sikuwahi. Mimi nilikuwa nakaza hizi.

Alisema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeomba chumvi. Na umeme ukakatika papo hapo, skrini ikawa nyeusi, hata hakuna pa kutazama ila kwake.

Mama Restuta ndiye aliyesema kwanza. Sasa rubani ni nani? akauliza. Mzee akatoa mkono chini ya meza akaninyooshea spana. Yule pale. Kaa kwenye kiti, Sabra.

Nimekaa.

Hakuna aliyeondoka. Mtu mmoja dirishani alicheka, hakuna aliyemfuata. Felista amesimama karibu na mlango, kiganja mdomoni. Kutoka pale anaona kibanda chake na maandishi ya bluu. Sijui anawaza nini. Ameanza kumimina chai, anawapa watu, hatazami huku. Sasa amekuja. Amechuchumaa na kikombe kimoja, amekisukuma taratibu chini ya meza, alipo baba yake. Naona mkono wa mzee ukikipokea.

Nati inalia inapokazwa. Robo mzunguko. Tena robo.

Mama Restuta amewaambia watoto wasogee, wasimwekee fundi kivuli. Amesema hivyo. Fundi.

Feni imeanza kuzunguka. Umeme umerudi. Kompyuta inaamka. Mzee ametoka, vumbi magotini, anasimama nyuma ya kiti changu. Amelifungua daftari lake kwenye ukurasa wa mwisho, amelilaza juu ya kibodi, karibu kabisa na pembe ya ile bahasha ya chuo inayochungulia kwa chini. Kalamu anayo. Hajasaini. Anasema kwanza nishike throto, niisukume mpaka mwisho, asikilize kama kuna kinacholegea, ndipo asaini. Naweka daftari hili chini.