Mazishi ya Mzee Nzioka Kwenye Menyu

Jumanne, Julai 2007. Baridi ya Machakos inauma, ukungu haujatoka vilima vya Iveti tangu asubuhi, na mimi jasho linanitoka.

Nimeua mtu aliye hai.

Kila wiki mimi ndiye huweka nyimbo za kwaya na matangazo kwenye tovuti ya kanisa, nikiandika jina la kila faili kwa mkono. Jana nilichoka. Nikaandika skripti ya PHP, maagizo mafupi ya kompyuta, inayofungua folda yenyewe na kupanga kila kilichomo kwenye menyu ya tovuti. Mtu anachagua jina, anapakua. Woi, nilivyojisifu! Hata mandazi nilijinunulia.

Sasa, kompyuta ya kanisa iko na folda moja tu, inayopanda yote kwenye tovuti, na humo ndimo nilimoficha programu ya mazishi ya Mzee Nzioka. Mzee amelazwa, hali si nzuri. Mutua, kifungua mimba wake, alinijia kimyakimya: "Tayarisha tu, tusipatikane hatuna kitu. Lakini usimwambie mtu."

Kwetu mtu hachimbiwi kaburi akiwa anapumua. Nilijua hivyo, na bado nikaiandika.

Leo asubuhi Mwende, kitinda mimba wa Mzee, akiwa kazini Nairobi alifungua menyu atafute wimbo wa Jumapili. Akakuta "mazishi-mzee-nzioka". Alipiga nduru ofisi nzima ikasimama, kisha akanipigia simu akilia.

"Mwende, baba yako hajafa, naapa!"

"Basi nani alikuambia uandike?"

Sikumtaja Mutua. Lakini nilikawia kujibu, na akajua.

Nimeifuta ile faili kwenye tovuti, ikabaki kwenye kompyuta tu. Nimeongeza mstari mmoja: ionyeshe tu majina yanayoanza na "kanisa", kama ninavyoyaita ya nyimbo na matangazo. Mstari mmoja! Mjinga mimi, ningeuandika jana. Mchana kutwa nimeshindwa kula, nikijua wale wawili wanazozana mbele ya kitanda cha mgonjwa.

Jioni hii Mutua amepiga. Nilingoja matusi.

"Baba amesikia yote. Anataka uilete hiyo programu kesho, mimi na Mwende tumsomee."

"Ya nini, Mutua?"

"Anasema hajawahi kutusikia tukimsifu."

Nimeifungua tena nichapishe. Wasifu upo, nyimbo zipo. Ukurasa wa "Maneno ya Watoto Wake", ule Mutua alisema ataujaza baadaye, hauna hata neno.

Niupeleke hivyo hivyo?