Kuku Aliyekuwa Miguuni Pako

Imali mwanangu,

Mulembe. Huku nyumbani tuko. Baba yako anakusalimu, goti linamsumbuanga wakati wa baridi lakini shambani anaenda. Kaka yako Ambani anakusalimu, na bibi yake, na mtoto wao ambaye hukumwona. Shangazi yako wa Iguhu anakusalimu. Naomi wako anakusalimu zaidi. Meno yake ya mbele yameng'oka, anacheka kama wewe, mkono mdomoni. Hata yule kuku wa madoa yupo, na ndiye amenifanya niandike.

Siku ile mkitoka hapa na Baba Naomi, sikuweza kuacha mkwe aende mikono mitupu. Nikamfunga kuku miguu, nikamlaza pale mbele ndani ya gari, miguuni pako. Ukacheka, "Mama, huyu atanipigia kelele mpaka nifike kwangu Shieywe." Nikakwambia umwangalie, asikose hewa.

Ukamwangalia. Baba Naomi alimwambia baba yako kwamba mkikaribia Khayega kuku alianza kuhema, ukapitisha mkanda chini ya kwapa, ukainama kumlegezea kamba. Ndipo lori likaingia upande wenu. Yeye alikuwa ameegemea kiti, mkanda uko begani, akatoka na ubavu mmoja umevunjika. Wewe ulikuwa umejikunja, kichwa kiko pale pale mfuko wa hewa unapofumukia. Daktari alinieleza polepole. Alisema gari ni moja na pigo ni moja, lakini kila mwili huumia vile ulivyokaa. Akasema, "Mama, angekuwa ameketi wima..." Hakumaliza. Mimi ndiye ninamaliziaga kila siku nikipika.

Kuku nililetewa pamoja na viatu vyako. Mzima. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Ametotoa mara mbili.

Sasa Jumamosi Baba Naomi anakuja kumchukua mtoto, shule zinafunguliwa. Unajua mimi na mkwe hatuangaliani, ndiyo heshima yetu. Yeye atakaa na baba yako, mimi nitakuwa jikoni. Kwa hivyo sijawahi kumuuliza kama ananilaumu, na yeye hawezi kuniambia. Nikimpa kuku, nitamkumbusha. Nisipompa, atasema nimemfukuza, na pengine Naomi hatamleta tena.

Lakini jambo moja nakuahidi. Naomi atakaa nyuma, mgongo kwa kiti, miguu chini, mkanda begani, si kwapani. Nitamfunga mimi mwenyewe, hata kama mkwe ataniona uso. Acha anione. Na kama kuku ataenda, ataenda kwa buti ya gari, ndani ya kikapu, na hakuna mtu atainama kumwangalia.

Pumzika, mwanangu. Hukukosea kunisikia.

Ila kabla ya Jumamosi njoo, hata kwa ndoto, uniambie nimpe ama nisimpe. Wewe ndiye unamjua. Usikawie, mama.

Ni mimi,
Mama yako