Pua ya Robi

Jumatatu, 4 Agosti 1975

Pombe ya mihogo ina siku ya nne kwenye pipa. Kijito kimenywea, maji ya kupoza mrija nimeyachota kwa ndoo tangu alfajiri. Nilikuwa nimeshawasha moto. Robi akainamia pipa, akanusa, akasema bado, tungoje kesho. Nikazima moto. Kinachoniudhi si kusema kwake. Ni kwamba nilizima.

Miaka kumi na tisa napika gongo. Mume alikufa akaniachia mabinti watatu na jembe moja. Mabinti wameolewa. Nyumba haina mtoto wa kiume, basi nikafanya kama desturi yetu inavyoruhusu, nikaoa. Ng'ombe ishirini na wawili nilipeleka Busawe kwa baba yake Robi, na kila ng'ombe alitoka kwenye mrija huu. Robi ni mokamona wangu, mke wa mwana ambaye sikumzaa. Amenizalia mjukuu mmoja. Wa kike. Sijasema kitu.

Jumanne, 5 Agosti

Pombe ilikuwa tayari leo. Imetoa chupa mbili zaidi ya kawaida. Robi hakusema "nilikwambia". Angesema ningejisikia vizuri zaidi.

Jumatano, 6 Agosti

Amekuja Mzee Okelo, mwenye baa pale Bomani. Mjaluo, mpole, viatu vimepakwa rangi hata kwenye vumbi la hapa Nyakunguru. Zamani alikuwa mhudumu kwenye klabu ya wazungu Kisumu. Alipanda lori la pamba, akatembea kipande kilichobaki, kwapani kabeba chupa tupu iliyofungwa gazeti. Jin. Pombe hiyo ya wazungu imeacha kuja kabisa, na wakubwa wa wilaya na wataalamu wa visima wanaiuliza kila jioni. Amesikia hapa kuna gongo safi kuliko zote Tarime. Hapo nilikaa vizuri kwenye kigoda.

Anataka jin kavu. Nikamwambia ukali wangu hauna mpinzani, wachimba dhahabu wa hapa ni mashahidi. Akatikisa kichwa.

"Watu wanadhani kavu ni kali, mama. Kavu ni kwamba haina sukari. Hata chembe."

Akaeleza, nami nimeandika nisisahau. Kuna tunda dogo la mti wa mtarakwa, ule wanaochongea nguzo za ua huko milimani Kenya. Harufu ya tunda hilo ndiyo iingie puani kwanza. Vingine vinaweza kufuata, mbegu za giligilani, ganda la chungwa, lakini vikae nyuma yake kama watoto nyuma ya mama. Tena vyote vichemke pamoja na gongo, vipandishwe na mvuke, vipite kwenye mrija. Ukishaanza kutia harufu baada ya kudondoka, hiyo ni manukato, si jin kavu. Baada ya mrija ni maji tu ya kupunguza ukali.

Zipo jin za kutiwa sukari, akasema, na wapo wanaozipenda. Hakuja kwa ajili ya hizo.

Akatoa mfuko wa matunda hayo, madogo, meusi kwa buluu. Akaponda moja kwa kidole, akaniwekea puani. Umesikia, mama? Nikasema nimesikia.

Sikusikia kitu.

Akamwekea Robi. Robi akafumba macho. Akasema ni kama utomvu wa nguzo iliyokatwa sasa hivi, na nyuma yake kuna kitu kama ganda la limau, na nyuma kabisa pilipili. Mzee akamgeukia. Akasema miaka yote Kisumu aliona wazungu wawili tu wanaoweza kusema hivyo, na mmoja alikuwa muongo.

Ameacha mfuko. Kila mmoja wetu apike chupa moja, atarudi Jumamosi ya wiki ijayo. Kila mmoja. Kwenye boma langu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimejipima. Kitunguu, hakuna. Samadi mbichi, hakuna. Mafuta ya taa, nimesogeza kibatari mpaka kikagusa mdomo. Hakuna. Ulimi unafanya kazi: chumvi naijua, uchungu naujua, utamu naujua sana. Pua imekufa. Lini, sijui. Moshi wa kuni wa miaka kumi na tisa umeingia polepole na haukuaga.

Kumbe ndiyo maana natia sukari guru. Niliita ufundi. Kijiko cha sukari guru iliyoungua kwenye kila chupa, wachimbaji wakaiita ya Mama Bhoke na hawataki nyingine. Nilikuwa napika kile ninachoweza kukijua.

Asijue mtu. Mpika gongo asiye na pua ni kama kinyozi kipofu. Nitawapoteza wateja wote kufikia mavuno.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimepika yangu. Gongo ya kwanza nimeirudisha kwenye chungu, nikahesabu matunda mia mbili, nikaziba kwa udongo, moto mdogo. Nimewasha kijiko cha gongo hiyo kwa kiberiti: mwali wa buluu, haukuacha maji mengi. Kwa mwali na hesabu hakuna wa kunishinda.

Nikaonja. Chungu, kali, inakwaruza. Mtu atalipia hii? Nikatia sukari guru. Kijiko kimoja kidogo. Kijiko kimoja kwenye chupa nzima ni nini? Na nani duniani anachukia utamu?

Jumapili, 10 Agosti

Robi hakwenda kanisani, amepika yake. Matunda hakuhesabu. Alikuwa ameyaponda akayalaza kwenye gongo tangu jana, na leo akatia giligilani na ganda la chungwa moja, bila sehemu nyeupe. Kikombe cha kwanza akamwaga. Hilo sawa, hata mimi namwaga, cha kwanza kina sumu. Lakini mwisho nao akaukata, mrija bado unadondosha vizuri kabisa. Anainama, ananusa, anasema, "Hapa imechoka," anamwaga. Theluthi ya chupa imekwenda kwenye majani.

Nilisimama nyuma yake na kuni mkononi. Mtoto amelala mgongoni mwake. Mimi katika umri wake sikuwa na ujasiri wa kumwaga hata tone. Nilikuwa na njaa. Yeye anamwaga kwa sababu mimi sina njaa tena. Namwonea wivu. Naandika hivyo hivyo, hakuna anayesoma hapa.

Jumamosi, 16 Agosti

Mzee Okelo amerudi. Hakuonja kwanza. Alimimina tone la chupa yangu kiganjani, akasugua viganja, akangoja kama mtu anayesali. Kisha akabana kidole gumba na cha shahada, akaviachanisha. Vikanata. Akanionyesha.

"Ni nzuri, mama. Wachimbaji wana haki ya kuipenda. Ila si kavu."

Akanawa. Akamimina ya Robi. Akasugua, akangoja. Kiganja kikavu kabisa. Akainamisha uso ndani ya mikono yake na hakuuinua upesi. Alipouinua akaanza kusimulia klabu ya Kisumu, jinsi walivyokatazwa kuonja, akajifunza jin zote kwa kunusa glasi chafu kabla ya kuziosha. Robi akacheka. Mzee akacheka. Mimi nikaenda kutazama moto usiokuwepo.

Anataka chupa kumi na mbili kila mwezi. Bei alimuuliza Robi. Robi akanitazama mimi, lakini yeye ndiye aliyeulizwa. Pipa langu. Mrija wangu, nilioununua Kenya nikauvushia mpakani Sirari ndani ya mzigo wa mkaa. Chungu changu. Na mzee anasema, "Nitachukua za binti."

Jumapili, 17 Agosti

Nimesema. Nilianza na chumvi kwenye mboga nikaishia mbali. Nikamwambia anamchekea mzee wa watu ili apate bei. Nikamwambia asisahau alivyofika hapa.

"Hata hiyo pua nimeilipia ng'ombe."

Aliacha kupepeta. Akaweka ungo chini. Hakupandisha sauti.

"Ugali ukiungua, mama, huwa nani anautoa motoni?"

Hakungoja jibu. Akamfunga mtoto mgongoni, akachukua khanga zake mbili, akashika njia ya Busawe.

Kumbe anajua. Tangu masika, ule ugali ulioungua mpaka sufuria ikatoboka. Aliutoa, akasonga mwingine, hakusema neno. Wala kwa Mzee Okelo hakusema, siku ile niliposema nimesikia. Alikuwa amesimama pale pale.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimechota maji mwenyewe.

Jumatano, 20 Agosti

Hesabu ni rahisi. Mokamona akiondoka kwa hiari yake, ng'ombe wanarudi. Ishirini na wawili, ukitoa wachache kwa ajili ya mtoto, na waliozaliwa huko tunabishania. Wazee wa ukoo watanipa haki. Nikiwauza wawili tu napata mpishi wa kuajiri.

Lakini kwanza nimeamua kupika jin kavu mwenyewe. Kwa nini nisiweze? Nimefuata kila kitu alichofanya. Nimeponda, nimelaza, giligilani, ganda bila sehemu nyeupe. Sukari hakuna. Mwisho nimeukata, kwa kukisia. Mwali buluu.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimemwita Marwa, mchimbaji, ndiye mteja wangu wa zamani kuliko wote, aonje. Hakufikisha mdomoni.

"Mama Bhoke, unataka kutuwasha kama karabai?"

Ni debe. Nililaza matunda kwenye debe lililowahi kuwa na mafuta ya taa. Madebe mawili yanafanana, moja la maji na moja la taa. Robi ndiye huyatenganisha. Mimi niliyatazama tu, yakawa sawa, nikachukua la karibu.

Marwa alicheka mpaka akakaa chini. Nikacheka naye, nikasema nilikuwa namjaribu. Alipoondoka nimemwaga yote. Wapo wachimbaji wanaokunywa gizani, upesi, bila kunusa. Ningeua mtu na nisingejua.

Jumamosi, 23 Agosti

Busawe. Nimevuka Mto Mara kwa mtumbwi, kisha miguu mpaka jua kali. Baba yake Robi aliponiona tu aliwaita kaka zake wawili. Walidhani nimekuja kudai. Walikuwa tayari wamewaleta ng'ombe karibu na ua, na niliwatambua wangu mmoja mmoja, hata yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika. Wamenenepa. Iliniuma kidogo.

Nilipewa kigoda. Mama yake Robi alileta uji wa ulezi, akaniamkia kwa heshima zote, lakini bila tabasamu. Wakangoja niseme. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kuzunguka. Yote yakaniishia. Robi alikuwa mlangoni na mtoto. Nikasema kwake, si kwa wazee.

"Sisikii harufu. Hata ya moto sisikii."

Wanaume wakatazamana. Hawakuelewa hilo lina uhusiano gani na ng'ombe. Robi akauliza, "Na ng'ombe?" Nikasema wakae walipo.

Hakuja mbio. Alikwenda ndani na mama yake, wakazungumza kwa muda wa kuniivisha juani. Akarudi na masharti. Jin ya Mzee Okelo ni yake na yangu, nusu kwa nusu, na fungu lake anashika mwenyewe. Gongo ya wachimbaji inabaki yangu na sukari yangu. Na nisimtaje tena yule mzee kwa namna ile.

Nusu ni nyingi. Nilikuwa nimepanga kuanzia robo. Nikakubali, nikanywa uji, ulikuwa umeshapoa.

Jumamosi, 30 Agosti

Tumepika ya kwanza kwa ajili ya Bomani. Asubuhi, upepo mdogo. Madebe nimeyapaka rangi, la taa lina mstari mwekundu. Moto ni wangu, maji ya kupoza ni yangu, kuhesabu chupa ni kwangu. Robi amekaa penye mdomo wa mrija. Mtoto amekaa kwangu, anavuta ushanga.

Nimengoja. Sikuwahi kungoja neno la mtu kwenye pipa hili. Alisema bado, nikaacha mkono kwenye chupa. Alisema bado tena. Wivu ulikuwepo, umekaa pale pale kifuani, sidanganyi. Aliposema sasa, nikaweka chupa.

Mwisho alipoukata nilitazama majani yakinywa theluthi ya chupa nikanyamaza. Nusu ya hasara ni yake.

Kisha akachukua mkono wangu bila kuuliza, akadondosha tone kiganjani. Nikasugua. Nikangoja kama alivyofanya mzee. Nikabana vidole, nikaviachanisha. Nikarudia.

Havinati. Hilo nimelijua mwenyewe.