Kifuniko cha Kalamu Nyekundu

Jumapili

Kumbe ni mie.

Miezi mitatu namsema fundi Hamisi mbele ya wateja wake pale Temeke, eti kaua AC ya gari kuukuu la marehemu baba alipoijaza gesi. Baridi ipo, ila inapuliza kwenye kioo cha mbele tu.

Leo nimeikagua mwenyewe mipira myembamba ya kuvuta hewa iliyo chini ya boneti. Mmoja umezibwa kwa kifuniko cha kalamu nyekundu, ya kusahihishia madaftari. Yangu! Niliuziba mwaka jana, AC ikiwa haina gesi, nikidhani ni wa hita. Dar hita ya nini? Kumbe ndio unaogeuza upepo uje usoni.

Nimekichomoa, baridi ikaja.

Mama, ambaye hakukiona kifuniko, kafurahi: "Sasa huyo Hamisi aone aibu."

Nikaitikia, "Aone kweli."