Kanga Nyekundu ya Mama Zuhura

Jumatano

Kuanzia leo, kila nikiona mchoro wa ukutani wenye nembo ya mdhamini nitajiuliza: hivi aliyechorwa alisemaje?

Kampuni ya sabuni inayodhamini mchoro wangu hapa sokoni Chanika ilitoa sharti moja. Mama Zuhura, muuza vitumbua ninayemchora, avae kanga nyekundu, rangi ya sabuni yao. Nikamvalisha.

Asubuhi akaja kujitazama, mikono kiunoni. “Mie nivae rangi ya watani? Soko zima linajua timu yangu ni ya kijani. Nifute!”

Niliogopa kweli. Mtu wa kampuni alikuwa anakuja saa kumi kukagua, na bila Mama hakuna mchoro. Nikamweleza. Akafikiri kidogo.

“Basi nivalishe kijani. Hiyo nyekundu nipe mkononi, nishikie kikaango cha moto.”

Nikapaka haraka haraka.

Saa kumi yule bwana akautazama ukuta weee. Kisha akatabasamu. “Safi sana. Rangi yetu inaonekana hadi barabarani.”

Mama Zuhura akamwitikia kwa adabu zote: “Kweli baba. Tambara zuri sana.”