Yaliyosemwa Mbele ya Yustina

Jumapili, 8 Juni 2025
Misa ya kwanza, baridi kali. Nimesimama mahali pangu, mbele ya benchi la dada yangu Yustina, nimpe mahubiri kwa mikono. Hasikii tangu homa ya uti wa mgongo ilipompata akiwa na miaka minne. Leo ameniashiria nikae. Ana simu mpya, binti yangu Anjela amemnunulia. Ina programu ya akili mnemba: inasikiliza maneno, kisha mwanamke wa kuchorwa anayageuza kuwa lugha ya alama. Nimekaa. Nimeumia.

Jumanne, 10 Juni
Nimeichunguza programu kwa haki, kama nilivyosahihisha madaftari enzi za ualimu. Inajua Kiswahili tu. Ukisema Kibena, lugha yetu ya nyumbani, yule mwanamke anasimama, mikono chini. Hana utani. Yustina anasema ni mzito kidogo, ila haachi neno. Sikupenda alivyonitazama.

Ijumaa, 13 Juni
Yustina amekwenda kliniki na simu, bila mimi. Mimi nimebaki nachambua mbegu za viazi. Nimesema kwa sauti, peke yangu: msaliti. Naliandika kwa sababu nililisema.

Jumapili, 15 Juni
Washenga wamekuja kutoka Makambako, wameleta posa ya Anjela. Si Wabena, kwa hiyo tuliongea Kiswahili. Simu ilikuwa mezani katikati ya soda, imewashwa.

Shangazi alichangamka. "Nyie watu wa Makambako hamkomi! Mlishakuja humu humu. Seremala mmoja wa kwenu alimtaka Yustina, akaja mara tatu. Marehemu kaka akakataa, mtoto akilia nani atasikia? Mwalimu huyu akamwambia dada yake kwamba bwana amebadili mawazo."

Wakacheka. Yustina alikuwa anatazama simu.

Habari hiyo Shangazi ameisimulia miaka yote kwa Kibena, Yustina akiwa hapo hapo anamimina chai. Watu husema chochote mbele ya kiziwi. Nami sikuitafsiri hata mara moja.

Wageni walipoondoka aliniuliza kwa mikono: Ni kweli?

Nilieleza. Kwamba baba aliamuru. Kwamba niliona afadhali aachwe na mgeni kuliko akataliwe na baba yake mwenyewe. Kwamba nilikuwa kijana. Nilikuwa bado naeleza alipofumba macho. Hivyo ndivyo kiziwi anavyomnyamazisha mtu.

Jumatatu, 16 Juni
Hanitazami. Bila macho yake mikono yangu haina kazi.

Jumatano, 18 Juni
Nimemkasirikia Shangazi. Nimemkasirikia Anjela na simu yake. Jioni hasira ikaisha, nikabaki mimi. Lile neno la Ijumaa, msaliti, nilimpa asiyestahili.

Yule seremala alilia alipokuja mara ya tatu, pale mlangoni. Nilimwambia kwamba dada hamtaki. Hilo hata Shangazi halijui.

Alhamisi, 19 Juni
Nimemwandikia hilo kwenye karatasi, nikaiweka kitandani kwake. Jina la seremala pia, na mtaa aliokuwa akiishi.

Jumamosi, 21 Juni
Ukungu tangu asubuhi. Yustina alipanda basi la kwanza kwenda Makambako, na simu yake. Amerudi saa kumi. Amevua viatu, akabandika makande. Nilimgusa bega, akanitazama, mara ya kwanza wiki hii. Nikauliza: Umemkuta?

Akajibu: Nimekwenda, nimerudi.

Kisha akageukia jiko. Sikuuliza tena. Nimeleta kuni.